Mwenye Wakili Mkali Ndiye Aliyevumbua Cherehani

Waulize vijana kumi wa mjini ni nani aliyevumbua cherehani. Tisa watakujibu bila hata kukuna kichwa: Singer! Si jina lake limeandikwa pale ubavuni kwa herufi za dhahabu? Wa kumi, yule aliyewahi kufungua ensaiklopidia, atakohoa kidogo kisha atawasahihisha wenzake: "Mmekosea. Ni Elias Howe, Mmarekani, mwaka 1846." Mimi nasema wote kumi wamekosea, na huyu wa kumi amekosea zaidi, maana yeye anadhani ameelimika.

Sina ugomvi na mashine yenyewe, jamani. Cherehani imelisha na kusomesha watoto wengi katika miji yetu, na Idi bila fundi wa barazani ingekuwa Idi ya namna gani? Ugomvi wangu ni na uongo unaotembea nayo. Uongo wenyewe ni huu: eti hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mtu haki ya peke yake juu ya kitu alichovumbua, humtafuta mwenye akili popote alipo na kumtunza. Wenzetu wengi wanaoshika kalamu wameumeza uongo huu mzima mzima bila kutafuna. Utawasikia vijiweni: "Wewe andikisha tu kazi yako, sheria itakulinda." Sheria itakulinda! Haya, hebu tuone ilivyowalinda wale walioumiza vichwa mpaka cherehani ikapatikana.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwingereza atakuambia cherehani ni ya Thomas Saint, seremala wa London, aliyepata hataza mwaka 1790 kwa mashine ya kushonea ngozi. Kweli, hati ipo. Lakini ilichanganywa na mambo mengine ya viatu na rangi za kupaka, ikalala katika makabati ya serikali miaka 80 na zaidi. Ilipofika miaka ya 1870 Mwingereza mwingine, William Newton Wilson, akaiibua na kuunda mashine kwa kufuata michoro yake. Ilibidi arekebishe hapa na pale ndipo ishone. Basi Saint alituachia karatasi, hakutuachia cherehani.

Mtu wa Austria naye atakutajia Josef Madersperger, fundi nguo wa Vienna. Huyu alihangaika na mashine yake miaka mingi, na mwaka 1815 serikali ikampa hati ya haki yake. Hati ilimfaa nini? Alifariki mwaka 1850 katika nyumba ya kutunzia maskini.

Mfaransa atamtaja Barthélemy Thimonnier, naye fundi nguo, aliyepata hataza mwaka 1830. Huyu alifika mbali. Mashine zake zilishona kweli, kwa mshono wa mnyororo, na huko Paris alifungua karakana ya mashine 80 hivi za kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi wa mkono wakaivamia karakana wakavunja mashine. Wasomi wamewacheka mafundi wale mpaka leo, eti wajinga waliopinga maendeleo. Lakini mtu aliyelala na njaa hucheki hofu yake. Fundi aliona mashine 80 zikishona sare ambazo jana zilikuwa riziki yake, na hakuna aliyemwambia kesho watoto wake watakula nini. Thimonnier mwenyewe hakuwa tajiri wa kumnyonya mtu. Alijaribu tena na tena, akapata hataza nyingine, na mwaka 1857 akafa maskini. Hataza haikuzuia nyundo, wala haikumnunulia sanda.

Watu watatu, hati tatu, na hakuna hata mmoja aliyekula jasho lake. Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko uongo wenyewe ulikopikwa ukaiva.

Katika miaka ya 1832 hadi 1834, mjini New York, aliishi bwana mmoja aitwaye Walter Hunt. Kichwa cha mtu huyu kilikuwa kama kisima, kila ukichota kinatoa. Alitengeneza mashine yenye sindano ambayo tundu lake liko kwenye ncha, na chini yake kigari kidogo kinachopita na uzi wa pili. Uzi wa juu na uzi wa chini vikafungana katikati ya kitambaa. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshaelewa: huo ndio mshono wa bobini, huo huo unaoshonea shati ulilovaa. Hunt hakwenda kuandikisha. Masimulizi yanasema binti yake Caroline, msichana wa miaka 15, alimwambia kwamba mashine ile ingewanyang'anya kazi wanawake waliokuwa wakiishi kwa sindano. Hunt akauza haki yake, na aliyenunua naye hakuandikisha.

Mcheni huyo mzee mkitaka. Mseme alikuwa mpole kupita kiasi, hakujua biashara. Na kweli hakuijua: mwaka 1849 alivumbua ile pini ya kufungia nepi za watoto, akaandikisha, kisha akaiuza hataza yake kwa dola 400 ili alipe deni. Dola 400! Hesabu mwenyewe ni pini ngapi zimeuzwa duniani tangu siku hiyo. Lakini swali letu halikuwa nani anajua biashara. Swali lilikuwa nani alivumbua.

Ndipo anapoingia Elias Howe. Mwaka 1845 huko Boston aliishindanisha mashine yake na wanawake watano hodari wa kushona kwa mkono, akawashinda wote. Tarehe 10 Septemba 1846 akapewa hataza. Sindano yenye tundu nchani, kigari cha uzi wa pili, nyuzi mbili kufungana: yale yale ya Hunt, zaidi ya miaka kumi baadaye. Sisemi aliiba. Sina ushahidi wa hilo, na akili mbili zinaweza kukutana njia panda bila kufahamiana. Nasema tu hakuwa wa kwanza.

Wanaompenda Howe wana ngano yao. Wanasema aliota ametekwa na washenzi waliomzunguka na mikuki, akatazama, lo, kila mkuki una tundu kwenye ncha! Akaamka mbio kwenda kuchonga sindano. Wapo wanaoongeza chumvi kwamba washenzi hao walikuwa wala watu wa Afrika. Ala! Kama ni kweli, basi kumbe sindano ni yetu, na katika mrabaha wote ule mbona hatukuletewa hata senti tano? Utani pembeni: sindano ya namna hiyo ilikuwa kwenye mashine ya Hunt, na mwaka 1841 Waingereza wawili, Newton na Archbold, walishaiandikisha kwa kazi ya glavu. Haikuhitaji ndoto. Ilihitaji kusoma hati za wenzio.

Na hata Howe, mwenye hati mkononi, angalieni yaliyompata. Mashine moja ilikuwa na bei ya dola 300, hakuna aliyenunua. Kaka yake Amasa akaipeleka Uingereza, akamuuzia mtengenezaji mmoja aitwaye William Thomas kwa pauni 250. Thomas akaiandikisha kule kwa jina lake mwenyewe! Howe akamfuata, akamfanyia kazi, wakagombana, akarudi Marekani mwaka 1849 mikono mitupu, na mkewe akafa kwa kifua kikuu. Hapo ndipo alipokuta cherehani za watu wengine zinauzwa madukani. Akataka kushtaki. Kwa fedha gani? Mpaka alipopatikana mwenye mfuko, George Bliss, aliyenunua nusu ya hataza na kugharamia kesi. Yaani haki ya Howe ilibidi iuzwe nusu ndipo nusu iliyobaki ipate kusikilizwa mahakamani. Hiyo ndiyo sheria itakayokulinda, mwenzangu?

Sasa ndiyo anakuja mwenye jina la dhahabu. Isaac Merritt Singer alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani na mtu wa kujaribu mitambo. Mwaka 1850, katika karakana ya Orson Phelps huko Boston, aliona cherehani mbovu zikiletwa kutengenezwa. Akaahidi kutengeneza iliyo bora. Fedha, dola 40, zilitoka kwa George Zieber, na kazi ikachukua siku 11. Tumpe haki yake: aliisimamisha sindano wima, akaweka meza ya kulaza kitambaa, mguu wa kukibana, na kibao cha kukanyaga ili mikono yote miwili ibaki huru. Mashine yake ilikuwa nzuri kweli. Lakini roho ya mashine, ile sindano na nyuzi mbili zinazofungana, haikuwa yake. Tarehe 12 Agosti 1851 akapata hataza.

Na wale waliomshika mkono? Phelps aliondolewa kwenye biashara. Zieber alisimulia mwenyewe kwamba alipolala mgonjwa, Singer alimletea habari kwamba daktari hatarajii apone, akashauriwa auze sehemu yake. Akauza kwa dola 6,000. Kisha akapona! Nafasi yao ikachukuliwa na Edward Clark, wakili, ambaye malipo yake ya uwakili yalikuwa sehemu ya biashara. Mnaona sasa? Fundi ametoka, mwenye fedha ya kwanza ametoka, wakili ameingia.

Howe alipodai chake, Singer na Clark wakatafuta silaha, wakamkumbuka mzee Hunt. Wapi Hunt? Yuko hapa hapa New York. Mabaki ya mashine yake ya zamani yakafukuliwa, yakapanguswa vumbi, naye akashauriwa aombe hataza ili aiue ya Howe. Kwa karibu miaka 20 hakuna tajiri aliyemjali, leo ghafla ana thamani, maana anafaa kuwa fimbo ya kumpigia mwingine.

Na hapa naomba yule kijana wa kumi, wa ensaiklopidia, asogeze kiti karibu. Mwaka 1854 Kamishna wa Hataza wa Marekani, Charles Mason, aliamua shauri hilo. Aliona kwamba Hunt ndiye aliyetangulia kuivumbua mashine. Umesikia? Ofisi yenyewe ya hataza ilikiri. Lakini kwa kuwa Hunt alikuwa ameiacha miaka yote hiyo bila kuandikisha, hataza hakupewa, ikabaki kwa Howe. Basi ukiniambia "Howe ndiye mvumbuzi, si ana hataza," nitakujibu kwamba hata waliompa hataza hawakusema hivyo. Walichosema ni kwamba aliwahi dirishani. Mwaka huo huo mahakama ikampa Howe ushindi, na Singer akalipa dola 15,000 ili yaishe.

Hayakuisha. Wheeler & Wilson walikuwa na hataza zao, Grover & Baker zao, Singer zake, Howe yake. Cherehani iliyo kamili ilihitaji kipande cha kila mmoja. Kila aliyetengeneza mashine alikuwa mwizi mbele ya mwenzake, kila mmoja akamshtaki mwenzake, magazeti yakajaa matusi. Mwaka 1856 walipokutana mjini Albany kwa ajili ya kesi, Orlando Potter, rais wa kampuni ya Grover & Baker, wakili naye, akawauliza kwa nini tunatoana roho? Tuweke hati zetu kapu moja, tukamue wengine. Wakakubaliana. Kila cherehani iliyotengenezwa na mwenye leseni ikatozwa dola 15, na katika hizo dola 5 zikaenda kwa Howe kwa kila mashine iliyouzwa humo nchini. Howe, yule wa mikono mitupu, akapata kama dola milioni 2. Singer alipokufa mwaka 1875 aliacha mali ya dola milioni 13 hivi. Hunt alikufa mwaka 1859, na mezani pale Albany hakuwekewa kiti. Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, na Hunt hakuwa hata na wembe.

Tena msidhani sheria ile ilikuwa kipofu kwa watu wote sawasawa. Ilikuwa na macho, na ilitazama rangi. Pamba iliyopita chini ya sindano hizo ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Huko Mississippi mtumwa mmoja, Ned, alivumbua chombo cha kulimia pamba. Bwana wake, Oscar Stuart, akaomba hataza kwa jina lake yeye bwana. Mwaka 1858 Mwanasheria Mkuu wa Marekani akatoa neno: bwana hapati, kwa kuwa hakuvumbua, na mtumwa hapati, kwa kuwa yeye si raia wala hawezi kula kiapo. Stuart akaendelea kukitengeneza na kukiuza chombo kile. Ned hatumsikii tena. Miaka miwili tu baada ya Albany, ofisi ile ile.

Najua atanyanyuka msomaji mmoja aseme nimepotosha. Atasema: ule muungano ndio uliomaliza vita na kuwafikishia watu cherehani. Atanitajia hesabu. Kampuni ya Singer iliuza mashine 810 mwaka 1853, na mwaka 1870 ikauza zaidi ya 127,000. Ataongeza kwamba Howe mwenyewe alisisitiza watengenezaji wasiopungua 24 wapewe leseni, na kwamba Clark alianza mwaka 1856 kuwakopesha watu mashine kwa malipo ya kidogo kidogo. Nakubali yote. Kazi nayo ilipungua: watengenezaji walitangaza kwamba shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kwa mkono lilishonwa na mashine kwa saa moja na robo hivi. Lakini vita vyenyewe vililetwa na nini kama si hizo hataza? Mtu akichoma nyumba yako, kisha akaja kukuuzia maji kwa ndoo, utamwita zimamoto?

Na tazameni muungano ulipokufa. Mwaka 1877 hataza ya mwisho katika lile kapu ilikwisha muda wake, ada zikakoma, bei zikaporomoka. Leo pita kwenye baraza za Kariakoo au Mombasa. Utaona cherehani ya Butterfly, ya China: nyeusi, gurudumu upande wa kulia, maua na herufi za dhahabu, umbo lile lile la Singer za zamani. Fundi wetu anaimiliki, na hakuna wakili wa Albany anayemgongea mlango. Kilichomfikishia mlalahoi cherehani kwa bei nafuu ni kufa kwa hataza, kuliko kuzaliwa kwake.

Sasa sisi tunaoandika. Sisemi tusiandikishe kazi zetu. La hasha, Hunt anatuzuia kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba karatasi ni panga, na panga halimkati mtu lenyewe, linahitaji mkono. Howe alikuwa na panga miaka mingi huku mkewe anakufa, mpaka alipopata mkono wa tajiri. Wewe kijana uliyeuza muswada wako kwa fedha ya pango la mwezi mmoja, ukasaini bila kusoma, halafu unatembea kifua mbele eti una hakimiliki: mkono wako uko wapi? Siku mwenye kiwanda cha uchapaji akikugeuka, utamlipa nani akusemee?

Wakubwa walijua dawa. Walipoona kupigana kunawamaliza, walikaa meza moja wakaungana. Wanyonge hawakukaa meza moja. Saint peke yake, Madersperger peke yake, Thimonnier peke yake, Hunt peke yake, na wanawake wa sindano hakuna hata aliyewauliza. Basi tusiige unyonge wao. Waandishi 30 wakichanga kila mwezi bei ya soda mbili, kwa mwaka wanaweza kumkalisha wakili mmoja asome mikataba yao kabla hawajasaini, na huyo mmoja ana thamani kuliko vyeti 30 vilivyotundikwa ukutani. Hiyo ndiyo Albany yetu, ila sisi hatumkamui mtu.

Na mwalimu atakayeuliza darasani nani alivumbua cherehani, mwanafunzi amjibu: uvumbuzi au malipo, mwalimu? Maana orodha ni mbili, na majina yake hayafanani.

Nimemaliza. Anayebisha asibishie kijiweni. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi, aje na miaka na majina kama nilivyokuja nayo mimi.